Maji Yalipofika Kadutu

Mjukuu wangu Neema,

Tuko wazima, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza daktari aanze na ugonjwa gani pale magonjwa yanapokuwa mengi.

Nilipokuwa msichana mtaani Kadutu, wadogo zangu waliharisha kila mara, mama aligombana na majirani kisimani, nami nilikosa masomo nikipandisha bidoni za maji mlimani. Maman Furaha, muuguzi jirani yetu, akasema, "Hii shida yote iko na mzizi moja: maji."

Wanawake wakachimba mtaro kutoka chemchemi ya juu, wakalaza bomba. Polepole wadogo zangu wakapona, mama akaanza kucheka na maadui zake. Nami nikarudi darasani. Niliketi karibu na dirisha kama niko ndotoni, nikiishangaa mikono yangu mitupu.

Nakubusu,
Koko wako