Niliipa Kamera ya Kanisa Nafasi ya Zahanati

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu chakula hakipiti kooni, na kuna mtu mwema ambaye Alhamisi hii huenda akafutwa kazi kwa kosa langu mimi.

Mimi ni fundi wa mtandao hapa Muthara, nina miaka ishirini na tisa, kampuni yetu ni ndogo, tunapokea intaneti kwa mnara mmoja ulio mlimani kisha tunaigawia maduka, shule, kanisa na zahanati, na kwa vile njia ya kutoka mlimani ni moja na ni nyembamba, kazi yangu ni kuiambia ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, nani apite kwanza watu wakijaa, na kwa miaka mitatu nimepanga hiyo foleni vizuri, simu za zahanati mbele kwa sababu mtu anayezungumza hawezi kungoja, sauti ikichelewa sekunde moja tu hamuelewani, kisha maduka, na mwisho kabisa wale wa kupakua filamu, ambao wakingoja dakika mbili hakuna anayeumia.

Sasa mwaka huu nimechumbia msichana anaitwa Purity, na babake, Mzee Kirimi, ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu, na kanisa lilikuwa limeanza kurusha ibada moja kwa moja ili ndugu walio Nairobi na ng'ambo waone, lakini picha ilikuwa inagandaganda, na siku moja Mzee akaniambia mbele ya watu, "Mukiri, si wewe ndiye fundi? Mbona mhubiri anatokea kama sanamu?" watu wakacheka, nami nikacheka nao lakini niliumia, mshauri, kwa sababu wazee wa pande zote mbili walikuwa bado hawajakaa kuzungumza mambo yetu, na nilitaka anione kuwa mimi ni mtu.

Basi Jumapili ya kipaimara, askofu akiwa mgeni, nikafungua ruta kabla ya ibada, nikaiweka kamera ya kanisa mbele ya kila mtu bila kuiwekea kipimo, ichukue inavyotaka, na zahanati nikaishusha nyuma pamoja na wale wa filamu, nikijiambia Jumapili kule hakuna watu. Picha ikatoka safi ajabu. Mzee akanishika bega akasema, "Leo umetutoa aibu."

Saa hiyo hiyo, yapata saa tano, sista Latifah, muuguzi wa zahanati, alikuwa peke yake na mama anaitwa Kathure aliyekuwa amejifungua tu, na damu imekataa kukoma. Akampigia daktari aliye Meru mjini kwa video ili aone na amwelekeze, picha ikaganda, sauti ikakatika, akapiga tena, ikakatika tena, mara tatu, na simu ya kawaida pale bondeni haishiki mpaka utoke hadi getini, naye angemwachaje mama anavuja damu? Akafanya alichokijua, akamdunga sindano, akamsugua tumbo kwa mikono yake, na damu ilipopungua ndipo akakimbia getini kuita ambulensi. Kathure alilala hospitalini siku tisa na akaongezewa damu. Sasa yuko nyumbani na mtoto wake wa kike, nashukuru Mungu, lakini hata kupita karibu na boma lao siwezi.

Jumatatu yake Latifah alikuja ofisini kwangu, macho mekundu.

"Mukiri, jana saa tano laini ilikuwa na shida?"

"Hapana, sista," nikamjibu. "Kwangu kila kitu kilikuwa sawa. Labda ni simu yako."

Akaiangalia simu yake, akaniambia asante, akaenda.

Hiyo asante ndiyo inaniua. Daktari ameandika kwamba muuguzi alikata simu akaamua mambo peke yake, na wasimamizi wa zahanati wamemwita ajieleze Alhamisi. Yeye ni Mwislamu wa Meru mjini, hapa hana ndugu, na wengine wameanza kusema huyo hata si wetu. Rekodi za ruta zinaonyesha kila kitu, saa na dakika, na ni mimi tu ninayeweza kuzifungua, na baada ya siku thelathini zinajifuta. Nikisema, nitafukuzwa kazi, Mzee atajua, na Purity sijui kama nitabaki naye. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nifanye nini?

Mukiri, Muthara
(Majina yote yamebadilishwa.)

JIBU

Mukiri, safu hii hutoka Jumamosi na kikao kilikuwa Alhamisi, kwa hivyo sikungoja gazeti. Nilikupigia Jumanne asubuhi na ninayarudia hapa niliyokuambia, maana najua wako wengine wenye funguo za vitu ambavyo watu hawavioni.

Unaniambia hakuna atakayejua. Wewe unajua, ndiyo maana chakula hakipiti. Nakupongeza kwa hilo, lakini pongezi zangu zinaishia hapo. Kuishusha zahanati lilikuwa kosa la mtu anayetaka kusifiwa, na wengi wetu tumewahi kulifanya kwa namna yetu. Kumwambia Latifah "labda ni simu yako" ni jambo jingine kabisa. Alikuja kwako akitafuta ukweli, ukamrudisha nyumbani akijishuku mwenyewe. Na usiniambie ni ruta. Ruta ilifuata amri yako.

Nilikuagiza uzitoe rekodi siku hiyo hiyo kabla hazijajifuta, uende kwa Latifah kwanza, kabla ya bosi, kabla ya Mzee, kabla hata ya Purity, kisha Alhamisi uingie naye kikaoni. Ukaniuliza, "Na akinifukuza mlangoni?" Nikakuambia utasimama nje ya mlango.

Hakukufukuza. Ulinipigia jioni ukaniambia alisoma zile karatasi akiwa amesimama, akakaa, akasema, "Nimekuwa nikijiuliza kama nilibonyeza vibaya." Kisha akalia. Ulipomwomba msamaha akakuambia, "Leo sitakuambia ni sawa. Njoo Alhamisi."

Ulienda. Wasimamizi waliona simu tatu, zote zikikatika zenyewe, na daktari mwenyewe akakiri kwamba mikono ya Latifah ndiyo iliyomwokoa yule mama. Barua dhidi yake imeondolewa. Bosi wako amekupa onyo kali na amekunyang'anya ruhusa ya kubadilisha foleni peke yako. Vizuri sana! Hata mimi nisingekuachia.

Na yule Mzee uliyemwogopa? Alikuuliza, "Kwani ibada yetu haingengoja?" Ukamwambia ingengoja, ingerekodiwa na kutumwa mchana. Akasema, "Basi ungeniambia. Mimi nilitaka picha nzuri, sikukuomba uwafungie wagonjwa." Unaona? Ulimpa mkwe wako mtarajiwa ubaya ambao hakuwa nao. Wazee bado watakaa, lakini amesema ni baada ya mavuno, na Purity amesema atangoja akutazame. Mwache akutazame. Ni haki yake.

Sasa sikiliza. Zahanati irudi mbele na ikae hapo, Jumapili na siku zote, kuwe na mgonjwa au kusiwe. Kitu kingine chochote utakachokipandisha, kiwekee kipimo, kisije kikameza njia yote na kuwaacha wengine bila hata pumzi. Andika huo mpangilio kwa Kiswahili cha kawaida na uubandike ofisini, mwenye duka auone, mwalimu auone, kila mtu ajue anasimama nyuma ya nani na kwa sababu gani. Mtu akitaka kupandishwa, hata akiwa askofu, piga simu zahanati kwanza uulize.

Halafu nenda kwa Kathure. Latifah amekubali kuandamana nawe kesho. Usiende na hotuba wala maneno ya kompyuta. Mwambie ulichofanya kwa sentensi mbili, unyamaze, umsikilize, na asipotaka kukuona, ondoka kwa heshima.

Nimesikia kwamba Latifah ameandika namba yako kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani katika chumba cha kujifungulia. Hiyo si adhabu, Mukiri. Huyo ni mtu aliyeamua kukuamini mara ya pili. Simu ikilia, shika.