Maoni ya Mhakiki wa Pili

Jumatatu, 13 Aprili

Kwa masikitiko makubwa, Ofisi ya Mhariri Mkuu inautangazia umma kifo cha birika lake la umeme, kilichotokea leo saa nne asubuhi baada ya kuugua kutu kwa muda mrefu. Marehemu ameacha vikombe vitano, kimoja hakina mkono. Mazishi yamefanyika kwenye pipa la nyuma ya maktaba. Mhariri Mkuu alitoa nasaha fupi. Neema, katibu wangu, alicheka, halafu akauliza chai sasa tutakunywa wapi. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mengine yale yale. Malori ya makontena yamefunga njia, nimefika Kurasini nimechelewa, nimekuta watu wawili wananisubiri na wote wanamtafuta mtu mwingine. Ndiyo hadhi yangu hiyo. Miaka hamsini na minne, kitambi cha kadiri, Mhariri Mkuu wa jarida la chuo linalotoka mara mbili kwa mwaka na kusomwa na walioandika humo.

Neema kafungua rejista. Makala ya vyama vya kuzikana bado ina mhakiki mmoja. Sheria yetu ni wawili, wasome kwa siri: mwandishi hawajui, nao hawamjui mwandishi. Wa Kwanza, Dk. Murtaza wa Upanga, alijibu ndani ya siku tisa kama kawaida yake. Kurasa tatu safi. Ichapishwe. Wa Pili ni Profesa Mtepa, mwalimu wangu mie, mstaafu, yuko kwao Lindi. Makala anayo tangu Februari. Kimya.

Mwandishi mie namjua, ndiyo kazi yenyewe. Salma, mhadhiri msaidizi wetu, chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Mkataba wake unaisha Juni. Faili lake linakwenda kwa wakubwa tarehe 15 Mei. Bila makala moja iliyokubaliwa, haongezewi. Bodi ya wahariri inakaa tarehe 29 mwezi huu. Basi.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimempigia Profesa mara tatu. Simu imezimwa.

Mvua tangu alfajiri. Uwanja wa chuo umekuwa bwawa, wanafunzi wanavuka juu ya matofali. Nimekutana na Salma ngazini. Shikamoo Doktari. Marahaba. Akaniachia upande mkavu. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Nyumbani Mtoni nimemlalamikia mke wangu kwamba wahakiki hawajibu, jarida litachelewa. Mama Zuhura hana huruma. Anasema likichelewa nani atajua, jarida lenyewe hata muuza vitumbua halitaki, karatasi yake ngumu, haifungi.

Jumapili, 19 Aprili

Nimeisoma tena makala ya Salma, safari hii taratibu. Ukurasa wa nne nimo.

Miaka ishirini iliyopita niliandika kwamba vyama vya kuzikana vya watu wa kusini waliohamia Mbagala vitakufa pamoja na wazee waliokuja navyo. Watoto wa mjini hawatachangiana sanda. Profesa ndiye aliyenisimamia. Kwa kazi ile nikaitwa Doktari, na sijaandika kingine cha maana tangu hapo. Salma anasema havijafa. Vimehamia kwenye simu. Amekaa navyo miaka miwili, ameosha masufuria misibani, ameona grupu likikodi gari la maiti kabla wafiwa hawajamaliza kulia. Kuhusu mie ameandika sentensi moja: "Hitimisho hilo lilitolewa mapema." Adabu tupu.

Mie mwenyewe nimo kwenye grupu moja la namna hiyo, la watu wa kwetu kusini. Nimelizima sauti tangu mwaka jana. Picha za maua na asubuhi njema zilinizidi.

Sikuhisi kitu nilipoisoma ile sentensi. Naandika ili nikumbuke kwamba sikuhisi kitu.

Jumanne, 21 Aprili

Maoni ya Mhakiki wa Pili yamepatikana. Nimeyaandika mie.

Si mara ya kwanza. Mhakiki akinyamaza na toleo likikaribia, Mhariri huazima kanzu ya mwenzake. Ila zamani nilikuwa napitisha. Napongeza kidogo, nalalamikia nukta na mkato, napitisha. Nikajiambia hakuna aliyeumia. Safari hii nimekataa.

Nusu ukurasa. Kwamba grupu la simu si chama. Kwamba mtafiti akakae kwanza na watu wa Mbagala awajue. Kwamba amewavunjia heshima waliomtangulia. Isichapishwe. Profesa angesema hivi hivi, namjua. Nimempunguzia kazi mzee.

Neema ameingiza kwenye rejista kwa kalamu ya bluu. Jina la mhakiki, tarehe ya kupokea, uamuzi. Mwandiko wake mzuri sana.

Chakula cha mchana wali maharage.

Jumatano, 29 Aprili

Bodi imekaa. Wajumbe saba, wanne wametokea, mmoja alisinzia kwa heshima. Makala ya vyama vya kuzikana: mhakiki mmoja kapitisha, mmoja kakataa. Maoni yakigongana, anaamua Mhariri Mkuu. Nimekohoa. Nimesema kwa ubora wa jarida letu tusiharakishe. Wakaitikia kwa vichwa. Dakika nne. Ajenda ya sambusa za kikao ilichukua kumi na tano.

Barua kwa Salma imetoka jioni. Nimeisaini bila kuisoma. Naijua.

Alhamisi, 30 Aprili

Kaja ofisini. Shikamoo. Marahaba, karibu. Kakaa kwenye kiti kibovu, nami sikumwonya.

Nilijiandaa kwa machozi. Hakutoa. Kaikunjua barua kwenye goti, akasema:

"Doktari, nashukuru kwa maoni. Ila huyu mzee wa pili ananiambia nikakae kwanza Mbagala. Mie nimezaliwa Kizuiani, Mbagala hiyo hiyo. Mama yangu yuko kule mpaka leo, anauza dagaa."

Nikamwambia mhakiki hajui ameandika nani, ndiyo utaratibu.

"Najua. Ndiyo maana sijakasirika. Siku akipita Mbagala mwambie aje, mama ampikie. Atukane akiwa ameshiba."

Neema kule mezani kwake akacheka. Nami nikacheka. Salma akacheka mwisho, kidogo tu. Akauliza kama kuna rufaa. Nikasema toleo lijalo, Oktoba. Akasema Oktoba atakuwa hayupo. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Kiti hakikuvunjika.

Jumamosi, 2 Mei

Mama Zuhura alitaka picha za harusi ya mpwa wangu. Zilitumwa kwenye grupu la watu wa kwetu. Nikalifungua. Ujumbe mia nne na ushee sijausoma. Nikapanda nao juu kutafuta harusi.

Profesa Mtepa amefariki Jumatano tarehe 8 Aprili. Amezikwa kesho yake baada ya adhuhuri.

Yote yamo mle. Aliyetoa taarifa. Aliyeuliza sanda. Basi lililoondoka Mbagala Rangi Tatu usiku ule ule, orodha ya abiria, na kijana mmoja ambaye hamjui kabisa Profesa lakini babu yake alimjua. Mama mmoja ameandika: Doktari Rajabu yupo? Siti yake tumeiweka. Halafu: Hajibu. Halafu: Tuondokeni.

Tarehe 8. Mhakiki wa Pili alitoa maoni yake tarehe 21. Siku kumi na tatu akiwa amekufa, na bado alikuwa na nguvu ya kumkataa mtu.

Mke wangu akauliza picha ziko wapi. Nikasema Profesa amekufa. Innalillahi, lini? Nikamwambia. Akanitazama. Akasema, na wewe ndiyo unajua leo?

Alipika changu wa nazi. Nilikula. Nilimaliza. Nasubiri huzuni ije, kama mtu anayesubiri fundi bomba.

Jumatatu, 4 Mei

Kosa la kijinga kabisa. Nimemwambia Neema aandike salamu za rambirambi kwa familia, kwa niaba ya Jarida. Profesa alituhakikia miaka mingi, ni haki yake. Neema mtu wa kazi. Kauliza tarehe ya kifo. Nikamtajia. Akataka kuweka kwamba aliitumikia taaluma hadi mwisho, akafungua rejista atazame kazi yake ya mwisho ilikuwa ipi.

Nikaona kidole chake kimesimama.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama vile anauliza karatasi zimebaki ngapi. "Doktari, huyu marehemu hii aliituma akiwa wapi?"

Nikasema aiache kwanza, nitaangalia.

"Sawa. Ila rejista ni mwandiko wangu."

Akaifunga. Akaandika rambirambi bila kile kipengele.

Alhamisi, 7 Mei

Hakuna jipya. Nimesahihisha mitihani. Rejista iko pale pale kwenye rafu. Neema ananipa shikamoo kama siku zote ila maneno ya mjini haniletei tena.

Jumatatu, 11 Mei

Nilibaki peke yangu ofisini saa saba hadi saa nane. Nimeitoa rejista. Tarehe 21 ni rahisi kuigeuza: mbili unaifuta, unabaki na moja. Tarehe mosi alikuwa hai. Nilikuwa na wembe, nilikuwa na kalamu ya bluu ile ile.

Sikufanya. Nisijisifu. Mkono wangu mbaya, ingeonekana. Na kama isingeonekana kwamba ni mie, ingeonekana kwamba ni Neema.

Aliporudi alikuwa na birika. La kwake, kutoka nyumbani, la bati, la kuweka kwenye jiko la gesi la mlinzi. Kamimina vikombe viwili. Changu kakiweka mezani, chake kaenda kunywea nje.

Faili la Salma linakwenda Ijumaa.

Ijumaa, 15 Mei

Saa tatu asubuhi nimempelekea mwenyekiti wa bodi barua ya kurasa mbili. Nimeeleza maoni yale ni yangu. Nimetaja na makala nyingine sita ninazokumbuka, ambazo nilizipitisha kwa majina ya watu. Nimeandika kwamba katibu aliingiza alichopewa na hakujua. Mwenyekiti kaisoma akiwa amesimama. Kaniambia nisiende mbali. Kufika saa tano si mhariri tena. Makala ya Salma inapelekwa kwa mhakiki mpya, simjui, na ndivyo inavyotakiwa. Faili lake limekwenda leo pamoja na maelezo. Wakubwa wamelipokea bila kuahidi kitu.

Neema nimemkabidhi funguo. Akasema, "Haya, Doktari." Kikombe kisicho na mkono kaniambia nichukue.

Halafu nikapanda ghorofa ya pili. Nilisimama mlangoni. Nikamweleza Salma kwa utaratibu, maana niliogopa nikisimama katikati sitaendelea. Alisikiliza huku ameshika kifuniko cha kalamu. Aliuliza mara moja tu. Hakuuliza kwa nini.

"Kwa hiyo Profesa hakuwahi kuisoma?"

Nikamjibu. Na kwa kuwa yeye amejua, na hapa niandike. Hata humu nimekuwa nadanganya. Naandikia daftari langu mwenyewe na bado nadanganya, hiyo nayo ni kazi ya ustadi.

Profesa hakuwa kimya. Alinipigia mwezi Machi, siku ya Ijumaa, nimetoka msikitini, nimesimama kwenye ukuta wa yadi ya makontena nikitafuta kiatu changu cha pili. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Akasema: Rajabu, huyu mwandishi ni nani? Usiniambie, najua hairuhusiwi. Ila katusahihisha. Mie na wewe tulikaa ofisini tukawazika watu wakiwa hai. Akacheka, akakohoa. Akasema ichapishwe. Akasema mkono unatetemeka, hawezi kuandika, basi nichukue kalamu yeye aseme, niandike kwa jina lake, nimtumie binti yake amsomee.

Nikamwambia, mzee, mtandao unakatakata, sikusikii.

Akarudia tangu mwanzo. Taratibu, kwa sauti ya juu, kila neno peke yake, kama alivyokuwa akitusomesha. Ilimchosha, nilisikia anavyovuta pumzi. Nikasema halo, halo. Nikakata simu. Hakupiga tena, wala mie sikumpigia mpaka Aprili, na Aprili alikuwa ameshazikwa.

Salma aliniomba nimwambie maneno yake yalivyokuwa, yote. Nikamwambia. Akaniomba nirudie ile ya kuzika watu wakiwa hai. Nikarudia. Akageukia dirishani, nami nikashuka.

Mtandao siku ile ulikuwa mzuri. Nilimsikia mara zote mbili.