Totiya Nilizozipata Kisesa

Mkolani, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri marahaba kama mjinga. Barua zote nilizokuandikia nikiwa bweni zilianza kwa kukuuliza hali. Hii sitauliza. Nitakueleza yangu tu, maana kuna jambo limenikuta huku na sina mwingine wa kumweleza. Mtu mwenyewe wa kuambiwa ni wewe.

Ujue kwanza kwamba nimehama. Arusha niliiweza miezi mitano tu baada ya kukuzika. Kila nikipita pale kwa masista wa Meksiko uliokuwa unawapikia, ambapo sasa pamekuwa shule ya chekechea ya watu wengine, miguu ilikuwa inaelekea yenyewe mlango wa nyuma, wa jikoni. Nikatafuta kazi huku, nikapata kwenye kiwanda cha minofu ya samaki Nyakato. Nipo maabara, napima samaki kabla hawajapakiwa. Nimepanga vyumba viwili Mkolani, nyuma kuna mwamba mkubwa ambao majirani wanaanikia nguo. Ungepapenda. Hapana, ungesema jiko ni dogo.

Majirani ni watu wema. Wiki ya kwanza waliniletea ugali na samaki sato, nikala, nikashukuru. Lakini tangu uondoke mdomo wangu hautaki kitu, Mama. Nakula kwa sababu saa ya kula imefika. Chakula ninachokitamani ni kimoja tu, kile nilichokuwa nakikimbia. Totiya zako. Zile chapati nyembamba za mahindi zisizo na mafuta, moto, zenye maharage ya kuponda ndani, parachichi, na ile pilipili yako ya nyanya zilizounguzwa kwenye kikaango mpaka nyumba nzima inakohoa.

Nikaanza kuzitafuta. Cheka kidogo hapa, maana nami nilicheka baadaye. Kwenye hoteli moja kando ya ziwa nikaona kwenye orodha ya chakula wameandika vyakula vya Meksiko. Nilikaa pale nimenyooka kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Wakaniletea chapati ya ngano iliyokunjwa, ndani nyama ya kusaga, kabichi na sosi ya nyanya tamu kama juisi. Nililia, Mama. Dada aliyekuwa anahudumia akakimbia kuniletea maji, akaniomba radhi kwamba jikoni wamezidisha pilipili. Haikuwa na pilipili hata kidogo. Mahali pengine, mjini, walifungua pakiti ya vitu vikavu vya kutafuna, wakavimwagia jibini. Nilikula viwili nikaondoka.

Nikaamua kupika mwenyewe. Nilichokumbuka ni kwamba mahindi yanachemshwa na chokaa, kwa hiyo nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi. Nilirudi mikono mitupu, nikakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo ilinijia vizuri kwamba sijui. Miaka kumi na tisa umepika chakula kile na mimi sijui kinaanza na nini.

Nakumbuka sauti yako kwenye simu: "Njoo Jumamosi moja tu, nikuonyeshe, hata kama hutapika kamwe." Nilisema wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilisema kuna semina. Hapakuwa na semina, Mama. Nilikuwa nimelala. Halafu kiharusi kikakuangusha Jumanne asubuhi, na siku tatu zile hospitalini hukuweza kusema neno. Mikono tu ilikuwa inahangaika kwenye shuka, inakusanya, inabonyeza, inageuza. Nesi alidhani unataka kujifunua. Mimi nilijua ulichokuwa unafanya, na sikumwambia.

Nikachukua simu yako, ile ndogo ya vitufe, ambayo bado naichaji. Nilikuwa natafuta namba ya Sista Lupe, nimwulize kuhusu mahindi, ingawa alisharudi kwao Meksiko zamani. Sikuipata. Nilipata jina "Shija Kisesa." Kisesa ni mbele tu ya kazini kwangu, barabara ya Musoma. Nikamkumbuka kwa mbali dada mrefu, Msukuma, aliyekuwa anakusaidia jikoni wakati mimi nipo sekondari. Nikapiga kwa simu yako hiyohiyo, bila kufikiri.

Hakupokea. Nikapiga tena. Ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema. Nilisikia mtu anapumua. Nikasema mimi ni Jovitha, ndipo akaanza kulia, analia hawezi kuacha. Aliniambia baadaye kwamba aliona jina lako linaita, akaiweka simu chini kwenye meza akaitazama. Alikuwepo kwenye mazishi yako. Aliona udongo ukiingia. Na sasa unampigia.

Jumamosi nikaenda. Ana banda lake la chakula karibu na stendi, mabati mapya, benchi mbili. Nilinusa kabla sijaliona. Nisikudanganye, nilisimama barabarani nikashindwa kusogea, mpaka mwenye bodaboda akanipigia honi. Ile harufu ya mahindi yaliyolowa yakigusa chuma cha moto! Nilidhani imezikwa nawe.

Anaziuza, Mama. Watu wa Kisesa wanaziita chapati za mahindi, wanazila na maharage, na yeye anaongeza vipande vya sato vya kukaanga na ndimu. Madereva wa malori wanasimama kwa ajili yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanikalisha, akaniwekea mbili kwenye sahani ya bati. Nilikula huku machozi yanaingia kwenye chakula. Hakunizuia. Alikuwa anageuza nyingine kwa vidole, kama wewe, bila kijiko.

Baada ya wateja kupungua akaanza kunionyesha. Si chokaa hata kidogo. Ni majivu. Aliniambia kwamba chokaa ya masista iliyotoka kwao iliisha, wakawa wamekata tamaa, na wewe ukawaambia bibi yako alikuwa anachuja maji ya majivu kwa kulainishia mboga, kwa nini tusijaribu. Mahindi yakamenyeka maganda vizuri kuliko mwanzo. Sista Lupe alikukumbatia mbele ya wote. Hukuwahi kuniambia hilo. Au pengine uliniambia na mimi nilikuwa nasoma gazeti.

Halafu akaniambia jingine, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie.

Aliniuliza kama namkumbuka Rehema, rafiki yangu wa shule. Nikasema ndiyo. Akasema siku moja, wakati wa likizo, Rehema alikuja getini kunitafuta. Akamwuliza mlinzi kama Mama Jovitha, karani wa masista, yupo. Mlinzi akaja jikoni anacheka, kwamba leo jikoni kuna karani. Shija naye akacheka. Wewe hukucheka. Ulivua aproni ukaikunja. Ukanawa uso, ukapita korido mpaka ofisini, ukamwambia Sista Lupe kwa sauti ya chini, "Sista, naomba kiti chako kwa dakika kumi." Sista hakuuliza. Aliinuka, akatoka.

Ukakaa. Ukashika kalamu. Rehema akaingizwa, akakuamkia, ukamwitikia ukiwa na karatasi mbele yako, ukamwambia Jovitha ametumwa mjini, ukamwuliza habari za wazazi wake. Shija alikuwa mlangoni, aliona umeiweka mikono yako chini ya meza kwa sababu ilikuwa imechubuka kwa kusaga. Rehema alipoondoka ulirudi jikoni, ukafunga aproni. Shija akakuuliza kwa nini umefanya vile. Ukamjibu, "Jovitha ameshawaambia wenzake hivyo. Nikitokea na aproni, atarudi vipi shuleni?" Ukaendelea na kazi.

Mama.

Nakumbuka shule ilipofunguliwa Rehema aliniambia kwamba alimkuta mama yangu ofisini. Nilidhani ulikuwa umepeleka chai, akakukuta umesimama pale. Nilimshukuru Mungu kwa bahati ile. Haikuwa bahati. Ulijua. Ulijua nina miaka kumi na sita na nakuonea aibu, ukaja nyumbani jioni ile ukaniwekea chakula, ukaniuliza kama nimeshiba. Miaka ishirini na zaidi hukunitamkia neno moja. Ungenipiga. Ungenitukana mbele ya watu. Ningeweza kuishi na hilo.

Na hujui bado, au unajua, kwamba nilirudia. Wasifu wako uliosomwa kwetu Muleba siku ya mazishi niliuandika mimi. Niliandika kwamba marehemu alifanya kazi na masista kwa uaminifu. Basi. Nina digrii, ni mtu mzima kabisa, na nikakuzika bila kulisema neno "mpishi" kwa sababu wakubwa wangu wa kazi walikuwa wamekuja. Shija alikuwa amesimama nyuma, kwenye migomba. Alisafiri kwa meli kutoka Mwanza mpaka Bukoba, akapanda gari, ili akuage. Alisubiri asikie kuhusu jiko. Nilimwuliza alifikiri nini wasifu ulipoisha. Alifikiri karatasi ilikosa nafasi. Alisema hivyo bila ubaya wowote, akijifuta unga mkononi.

Sikuweza kurudi nyumbani siku ile. Nilibaki kwake. Sikulala. Niliomba kesho yake nishike mahindi mwenyewe.

Nimekwenda Jumamosi tatu sasa. Kuchuja majivu nimeweza. Kusaga kwa ile mashine yake ya kusagia nyama nimeweza, ingawa bega linauma mpaka Jumatatu, na kila likiuma nahesabu vichwa vya watu uliowalisha. Kukandamiza bado. Zangu zinatoka kama ramani, upande mmoja nene upande mmoja zimetoboka. Shija anasema wewe za kwako za mwanzo mbwa alizikataa. Sijui kama ni kweli au ananifariji.

Alhamisi iliyopita nilipeleka kazini. Nilizifunga kwenye kitambaa, maharage kwenye chombo chake, pilipili kwenye kichupa. Saa ya chakula nikaziweka mezani kwa wenzangu wa maabara, watu watano. Walikula kwa mashaka, halafu wakala bila mashaka. Mkuu wetu wa kitengo, mama mmoja wa Kikerewe, mkali, akaniuliza chakula kile nimekijua wapi.

Niliogopa kama siku zile za bweni. Nikasema, "Mama yangu alikuwa mpishi. Aliwapikia masista wa Meksiko miaka kumi na tisa."

Nikasubiri. Sijui nilisubiri nini. Mtu acheke, mtu atazame pembeni, kitu nilichokuwa nakiogopa tangu nina miaka kumi na minne kitokee. Mkuu akasema alikuwa hodari. Mwingine akaomba asogezewe pilipili. Wakaendelea kula.

Hiyo tu, Mama. Hakikuwa kitu. Kilichonifanya nikufiche maisha yako yote na hata juu ya jeneza lako hakikuwa kitu chochote. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasisikie nikilia.

Sitakuomba msamaha kwa barua, maana najua ungenikatiza kabla sijamaliza, ungesema nimekonda, nikae nile. Na siwezi kukuambia kwamba nimepona. Za Shija ni nzuri sana. Ukila umefumba macho unakaribia. Lakini si zako, kuna kitu yeye hana na mimi sitakipata, na kila Jumamosi nikitoka Kisesa natoka nimeshiba na nimekukosa upya.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Misa yako ya kutimiza mwaka ipo karibu, na ndugu wameniomba nisome tena machache kukuhusu. Nitayasoma. Nitasema ulikuwa mpishi, nitasema ni wewe uliyegundua majivu, nitasema kuhusu ofisi na kile kiti, mbele ya shangazi zangu wote na mbele ya padri. Sauti ikikatika, Shija atasimama karibu, amekubali kuja. Na baada ya misa nitawapikia mwenyewe, ramani zangu hizohizo.

Nimefikiri sana jana, nikagundua sijawahi kukuona umekaa wakati watu wanakula. Kwa masista ulisimama. Nyumbani ulisimama mlangoni, kitambaa begani, ukiangalia sahani yangu. Siku uliyokaa kwenye kiti mbele ya mtu, ulikaa kwa sababu ya uongo wangu.

Kaa sasa, Mama. Kaa kwa haki yako. Sisi tutasimama.

Mwanao,
Jovitha