Wanafunzi wa Cherotich

Mogogosiek,
Novemba 1996

Baba Adoyo,

“Fundi wa nguo hawezi kukosa kazi maadamu watu hawatembei uchi.” Ndivyo ulivyoniandikia, ndugu yangu. Lakini salamu kwanza. Sisi huku ni wazima, kikohozi cha mvua kimetuacha. Natumai mguu wa Mama umepoa, na wifi Jerusa hajambo.

Sasa tugombane. Kweli watu hawatembei uchi. Wanavaa mitumba iliyoshonwa ng'ambo, ikavaliwa huko hadi ikachokwa, ndipo ikaletwa kwetu kwa marobota. Wakubwa redioni wanawahimiza vijana wajiajiri kwa cherehani. Wamshonee nani?

Yule fundi Cherotich unayetaka amfundishe Adoyo kushona badala ya shule hakuwa akingoja kuagizwa. Kila mwaka kabla ya bonasi ya majani chai, alishona kwa kukumbuka miili ya watoto wa soko zima, na wazazi wakishalipwa walikuja kuchukua. Mwaka huu alishona vivyo hivyo. Siku ya bonasi, lori la mitumba likaegeshwa karibu na lango la kiwanda. Watu walinunua hadi jioni, kisha wakamletea Cherotich suruali zile azipunguze kiuno. Mteja wake mmoja, mke wa Kiptum, alisimama chini ya kaptula walizoshonewa wanawe, zimetundikwa pale, akamhimiza afanye haraka. Alipoonyeshwa kaptula, alisema hizo ni za kuvalisha mayatima. Watu wakacheka. Cherotich akainamisha kichwa, akapunguza.

Nilidhani atafunga kibanda. Badala yake aliongeza wanafunzi. Wasichana wamebanana humo wakishona kitambaa kilekile, wakikifumua, wakikishona tena. Chemutai, aliyehitimu hapo mwaka jana, anachuma chai. Cherehani yake imekuwa meza ya sufuria.

Hili linalofuata sikutaka kuliandika. Juzi nilimpitia Cherotich, nikamuuliza kwa nini alikuhakikishia kwamba kazi ni tele. Hakuona haya. Alisema kibanda chake siku hizi kinalishwa na karo ya wasichana, si na sindano. Nikamwambia Adoyo ni mtoto wa ndugu yangu, tumbo moja. Akakata uzi kwa meno.

“Mama Seth, hawa wote ni watoto wa watu. Nikiwaambia wazazi ukweli, mimi nitakula nini?”

Kisha akaniuliza kama Adoyo atakuja na cherehani yake mwenyewe.

Seth anawasalimu, na Mama mwambieni nitafika Krismasi. Lakini wewe Baba Adoyo, na wewe Jerusa ambaye najua unasoma barua hii ukichungulia begani kwa mumeo, nisikieni. Ng'ombe asiuzwe kwa ajili ya cherehani wala karo ya Cherotich. Januari shule zikifunguliwa, Adoyo arudi shuleni, aingie Kidato cha Tatu. Na kama mmeshampa mtu sare yake, nendeni mkaidai leo.

Ni mimi dada yako,
Eucabeth