Maswali Arobaini Niliyokujibia, Mama

Tarehe 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo unasemaje? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umechoka.

Huku kwenye karakana ya miwani nimejiponza mwenyewe. Aliletwa mkufunzi wa kutufundisha kufanya kazi na watu wa kila namna. Akatugawia maswali arobaini ya tabia: unapenda kuongea au kusikiliza, na mengine kama hayo. Ukimaliza unapewa kadi ya rangi ubandike mezani, wenzako wajue wewe ni mtu wa aina gani. Nikaogopa nitaonekana bubu nisiye na faida. Basi nikajibu yote kama wewe, Mama, maana wewe hupendwa kila unapokwenda.

Nikapata njano: mchangamfu! Kesho yake wakanitoa kwenye kusaga lenzi, wakaniweka kaunta kupokea wateja. Wiki ya tatu sasa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Naona bora niache kazi.

Mwanao

Tarehe 15 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, mama. Mgongo unalalamika kama mwenyewe. Barua yako nimeicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Kisha nikaingia ndani nikalia.

Hebu niambie, ulimjibia mama yupi? Wageni wakishaondoka mimi hufunga mlango, nikajilaza na kitambaa usoni, sitaki hata kuitwa. Nilianza kuchekesha watu nilipoolewa, niliogopa wakwe wasinipende. Nawe ulipokuwa mdogo nikakusukuma sebuleni: "Salimia watu, acha kuinama!" Nilidhani nakulea. Nisamehe, mwanangu.

Usiache kazi kwa aibu. Kwanza waambie ukweli. Wakikufukuza, nyumbani kupo.

Mama yako

Tarehe 2 Mei

Mama yangu,

Shikamoo tena, na samahani kwa kimya. Nilikuwa natafuta ujasiri, nikaukosa, mwisho nikaenda bila huo.

Kwenye mkutano wa Jumatatu nilisimama, nikasema, "Majibu yale si yangu. Ni ya mama yangu." Mara fundi fremu, mzee asiyecheka na mtu, akanyoosha mkono: "Mimi nilimjibia mke wangu." Wee! Chumba kizima kiliangua kicheko. Msimamizi akasema kosa ni lake pia, kumhamisha mtu kwa kusoma kadi bila kumuuliza mwenyewe.

Nimerudi kwenye mashine yangu. Niliikuta safi, haina hata vumbi. Fundi fremu akaniambia, "Tulikuwa tunaifuta kila asubuhi. Tulijua utarudi." Nikaiwasha nikaanza kusaga, Mama, na hakuna aliyenidai neno.

Sasa nawe njoo ukae kwangu wiki nzima. Chumba ni kidogo, ila tutaenea. Sitaalika mtu. Tutakaa wawili tu, na kama hutaki kusema neno tangu asubuhi mpaka jioni, usiseme. Nitakupenda hivyo hivyo.

Mwanao