Anwani Mpya kwa Ajili ya Mtamba

Jumatatu, 3 Machi
Mnara wetu wa intaneti wa Kigera tena. Nimeshuka vumbi tupu. Sijanawa, Bhoke, mteja wetu wa Makoko, kapiga simu. Huyu anafanyaga kazi mtandaoni, anasikiliza sauti za watu na kuziandika. Ndiyo inasomesha watoto wake. Leo tovuti ya mwajiri imemfungia, na kapewa mpaka Ijumaa awe amerudi kazini.

Si kosa lake. Wateja wetu wote wa Makoko tunawapitisha kwenye anwani moja ya zamani ya intaneti. Mmoja kafanya ujinga, wote wameonekana matapeli. Anwani mpya, IPv6, zipo za kumwaga, kila nyumba ingepata yake. Nimemwambia bosi tangu mwaka juzi. Nimechoka kuimba.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona bosi, Mzee Magesa. Jibu lilelile: "Mtandao si unafanya kazi? Mteja mmoja ndiyo tubomoe mitambo?" Nikigusa rauta kuu bila ruhusa yake, kazi sina. Nina hasira mpaka ugali umenishinda.

Alhamisi, 6 Machi
Bhoke kaja mwenyewe, mtoto mgongoni. Nimemjaribishia kwa laini ya simu yangu. Bando limekata kabla faili la kwanza halijashuka. Kaondoka bila kulaumu. Bora angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Haya sasa. Bosi alikuwa Bunda, kikao cha harusi. Mfanyakazi wake wa zizi la Butiama kampigia: mtamba anashindwa kuzaa. Bosi kafungua kamera ya zizi kwenye simu. Hakuna picha. Kamera nayo iko kwenye mtandao wetu, imejificha nyuma ya anwani ya kuchangia, aliye mbali haifikii. Kanipigia, kanifokea. Nikamwambia ugonjwa ni uleule wa Bhoke. Akasema: "Kijana, weka hizo anwani zako leo hii."

Nimeziweka. Kazi ya mchana mmoja tu. Maelezo yangu yote hayakumsogeza, kasogezwa na ng'ombe. Inauma.

Jumatatu, 10 Machi
Ndama kazaliwa mzima. Bosi anamwonyesha kwenye simu, kupitia kamera ya zizi, kwa kila anayeingia ofisini.

Nimeenda Makoko. Bhoke alikuwa nje na mama yake wanaanika dagaa. Ijumaa ilishapita, kazi kapewa mwingine. Nikamwashia anwani yake, nikajaribu ile tovuti. Ikafunguka papo hapo. Akaitazama kidogo.

Akasema asante kaka, akarudi kugeuza dagaa.