Nilifunga matawi mbele ya kujua

Jumatano. Butembo, mvua ndogo tangu asubuhi, ile mvua ya baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa.

Bale banasomaka hii blog banajua mi ni nani: Kambale, motard wa Kimemi, mwenye kubeba batu ku pikipiki, kijana muzuri kupita bote ku parking. Nilitoka masomo ku darasa ya troisième juu balimu balichoka na mimi, mais naandika kupita bale ba diplôme. Leo siko ku parking kungoja abiria. Niko ku banc ya mbao, ku couloir ya centre de santé, fasi ya bagonjwa, nguo imelowa, naandika na kidole gumba. Nyuma ya mulango iko mama. Hasemi tangu Jumatatu.

Ni mimi njo nilimunyamazisha.

Acha nianze ku mwanzo, juu nikianza ku mwisho nitafunga telefone.

Niko na yaya moja, dada yangu Masika. Alikuwa ameolewa Beni, bwana yake alikuwa na shamba ya kakao. Siku moja bwana alienda kuvuna, tukamuita, telefone yake kimya. Mama alisema tungoje. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu balimukuta pamoja na bengine ba shamba za jirani. Panga ya batu ba pori ilikuwa imepita. Tangu hapo, kwetu, telefone ya kimya iko na maana moja tu. Ile hapana ku masomo nilijifunza. Nilijifunza Beni.

Ni mimi nilimuambia Yaya akimbie. Alipita Uganda, akakaa kambini, kisha bakamupokea Ulaya, ku mji moja ndogo, jina yake inashinda ulimi yangu. Anapanguza sakafu ku jengo moja kubwa ya maduka. Nilijisifu ku parking mpaka batu bakachoka: «Yaya yangu iko fasi haina panga!»

Jumatatu asubuhi Musa alikuja na telefone mukononi. Musa ni rafiki yangu, baba yake anaendesha camion ya Beni. Hakunitania. Musa asipokutania, ujue kuko shida.

«Kambale, ile mji ya yaya yako, si ni hii?»

Ilikuwa ile. Jengo pia ilikuwa ile. Mutu moja aliingia ndani na bunduki, akaua benye kuuza, akaua benye kununua, mpaka polisi ikamuangusha.

Parking yote ikatuzunguka. Grand Paluku, président ya parking yetu, amekimbia vita mara tatu na bado hakuelewa.

«Mutu moja? Na benzake?»

«Hakuna benzake, grand,» Musa akajibu. «Moja tu.»

«Chef yake nani?»

«Hakuna chef.»

«Alitoka pori gani?»

«Grand, hakuna pori! Alitoka nyumbani kwa mama yake, na viatu safi!»

Bamoja balicheka. Basi mi nikajifanya mwalimu, munanijua. Nikabaambia kule ile inatokeaka: mutu peke yake, siku moja ku masomo, siku ingine fasi batu banacheza muziki, siku ingine na camion katikati ya batu banatembea. Yote nilisoma ku telefone. Nilisema kwa nguvu juu sikutaka baone woga yangu.

Na katikati ya ile hotuba yangu, namuita Yaya. Kimya. Namuandikia, alama inabaki moja. Namuita tena. Kimya.

Kwetu motard akifiwa, benzake banakata matawi ya karatusi, banafunga mbele ya pikipiki, banapanda mustari moja na klaxon mpaka nyumbani. Kila mutu wa Butembo akiona matawi anajua.

Tawi ya kwanza nilikata mimi mwenyewe.

«Petit, tungoje,» Paluku akaniambia. «Hatujaona mwili.»

«Bwana yake tulimungoja siku tatu, grand. Alirudi?»

Akakata tawi yake. Yeye pia ni mutu wa huku.

Sasa niandike ukweli, juu hapa hakuna mutu ananiangalia ku macho. Nilikuwa nalia, ya kweli. Mais nilikuwa pia naangalia kama batu banaona vile nalia. Pikipiki nyuma yangu zilijaza barabara, mi mbele, bila casque ku kichwa, ili uso ionekane. Ba mama ba soko banashika kichwa, batoto banakimbia pembeni. Nilijisikia mukubwa. Yaya yangu amekufa, nafikiri, na mi najisikia mukubwa.

Aibu.

Hakuna mutu alitangulia kwa mama. Kawaida mutu muzima moja anatangulia, anakaa naye chini, anamushika mukono, anasema pole pole. Ata hiyo sikungoja.

Mama alikuwa mbele ya nyumba, anachagua viazi zenye balimuletea kutoka Masereka. Alisikia klaxon, akainua kichwa. Batoto bake benye balibaki ni babili tu. Moja alikuwa mbele ya mustari, muzima, na matawi ku pikipiki yake. Hapakuwa kitu ya kuuliza.

Alisema «Masika», mara moja, kama vile anamuita akuje kula. Kisha akaanguka juu ya viazi.

Infirmier alisema musipa imepasuka ndani ya kichwa. Upande ya kuume haitembei. Kinywa haitoe neno. «Mais anasikia,» akasema. «Muongeleshe.» Mi mwenye kuongea kupita redio, nilimupanguza kinywa, nikatoka.

Paluku aliondoa matawi ku pikipiki yangu, moja moja, akayatupa ku mutaro, akaenda. Ingekuwa muzuri anipige.

Jana, Jumanne, saa sita, telefone ikalia. Namba siijue.

«Kambale? Ni mimi.»

Nilikaa chini, ndani ya matope, na suruali yangu mupya.

Yaya alikuwa amejifungia ku chumba ya mafagio, yeye na mama moja muzungu muzee, banashikana mikono na hakuna luga ya kuongea. Telefone yake ilikuwa ndani ya koti, koti ikabaki ndani ya jengo, polisi haiachie mutu kurudi. Ni ile tu. Koti.

«Nilimujua ule mutu,» Yaya akaniambia. «Alikuwa anakujaka kunywa kahawa, peke yake na telefone, anaandika, anaandika. Nikipita na ndoo ananishikilia mulango. Kambale, kule Beni tulisikia imbwa inalia, tukakimbia. Huyu, imbwa gani ingemulilia?»

Nikapanguza matope ku suruali.

«Nipe mama,» Yaya akasema.

«Mama iko Masereka. Kuvuna viazi. Réseau ya telefone haiko.»

«Na ile magoti yake?»

«Unamujua, kichwa nguvu.»

Akacheka. Amesikia batu banakufa nyuma ya mulango, na anacheka juu ya magoti ya mama. Mi nilikuwa nauma mukono yangu ili asinisikie.

Tangu jana ule mutu hanitoke ku kichwa. Anakaa peke yake, anaandika, anajiona mukubwa, anangoja siku mji yote itamuangalia. Na mi nikaangalia kidole gumba yangu. Hapana, musinipime na yeye, mi sijaua mutu, mi nililia tu. Mais bote tulikuwa tunauliza nani alimutuma, kundi gani, chef gani, juu tulizani kazi kubwa vile ya kuvunja inaomba batu bengi. Nyumbani kwetu ilitosha moja.

Yaya alinitumia sauti ku ile namba mupya, nilishaiandika jina yake: «Mufikishie mama, ata kama ni kesho.» Leo asubuhi nikaweka telefone ku sikio ya mama, nikafungua. «Mama, ni Masika, niko muzima, usiogope.» Nilizani ataamuka. Nilizani mambo yangu itaisha pale, mukubwa tena, Kambale mwenye kuponesha batu.

Mama alinisukuma na mukono ya kushoto. Kwa nguvu. Jicho moja inatoa machozi, ingine kavu.

Kisha nikakumbuka. Bwana ya Yaya alipokufa, Yaya alirudi Butembo, na kila asubuhi alikaa na mama mbele ya moto, banasikiliza sauti zenye bwana aliacha ku telefone. «Masika, nimefika shamba, niko muzima, usiogope.» Kila asubuhi, miezi yote ile. Kwa mama, sauti ku telefone inasema niko muzima, ni ya mutu amekufa.

Donc haitoshi sauti. Lazima amuone, sura inatembea, inajibu. Lazima video. Na video itaonyesha kitanda, itaonyesha kinywa ya mama, na Yaya ataniuliza: nani alimuambia nimekufa?

Telefone imelia mara mbili nikiwa naandika. Yaya. Video. Nimeacha ilie. Musa ameniletea chai, ameona jina ku écran, ameniangalia. «Wee mwenye kinywa,» akasema, «leo imeisha?» Kisha akakaa karibu yangu.

Kama ataniita muuaji, nitajibu nini? Na kama mama anaona sura na anazani ni ndoto ya mufu, nitafanya nini tena? Infirmier hajue. Mi sijue. Mvua haikatike.

Inalia mara ya tatu.

Kila mara naanzaka na mimi, Kambale, muzuri kupita bote. Leo, kwa Yaya, nitaanza na matawi.